Ile 95 ni uaminifu wa nani?

Msomaji mmoja wa Lamu ameniandikia hivi:

"Assalaam aleikum, mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa diploma, nyumbani ni Langoni. Kwenye somo la takwimu tumeambiwa kila mtu akusanye data zake mwenyewe, sehemu moja ya asilimia na sehemu moja ya wastani. Kwa ya kwanza nilipita nyumba 80 nikauliza kama wanachemsha maji ya kunywa au kuyatia dawa. Nyumba 52 zilijibu ndiyo, yaani asilimia 65. Nikapiga hesabu nikapata kati ya 54.5 na 75.5, nikaandika: 'Kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba kiwango cha kweli kiko kati ya 54.5 na 75.5.' Msimamizi akaipiga mstari mwekundu: 'Si sahihi, kasome tena.' Nimesoma tena na bado silioni kosa. Kwa ya pili, nilisimama ufukoni asubuhi moja nikapima samaki wa mashua 12. Kilo zao ni 14, 18, 22, 25, 27, 30, 33, 36, 40, 48, 55 na 108. Nikatumia 1.96 ileile. Akaandika 't!' peke yake, na alama ya mshangao. Kwa nini huku 1.96 na kule t? Na hiyo 108 niitoe? Mwenzangu asema inaharibu hesabu."

Waaleikum salaam, mwanangu.

Hesabu yako ya kwanza ni safi. 0.65 mara 0.35 ni 0.2275, gawanya kwa 80, tafuta kipeuo cha pili, unapata 0.0533, ambalo ndilo kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi jibu lingeyumba kutoka sampuli moja hadi nyingine. Zidisha kwa 1.96, namba ya jedwali inayokwenda na asilimia 95, inakuja 0.1045, pointi kumi na nusu hivi kila upande wa 65. Kalamu nyekundu haikugusa hesabu, imegusa sentensi. Na msimamizi wako yuko sawa, ingawa kumwambia mwanafunzi "kasome tena" bila kumwonyesha wapi ni kama kumkuta mgeni amepotea kwenye vichochoro vya Mkomani ukamwambia "tafuta njia".

Kitu ulichokokotoa hakijapata jina moja lililotulia katika Kiswahili, na darasani wengi hukitaja kwa Kiingereza, confidence interval, wakapita. Mimi hukiita masafa ya uaminifu, na nalipenda jina hilo kwa sababu linakuuliza swali lenyewe unalohitaji kuulizwa: uaminifu wa nani?

Tukisema fulani ni mwaminifu, hatuzungumzii neno moja alilolisema leo asubuhi. Twazungumzia mazoea yake. Chukua nahodha ambaye kila akisema "tutafika Mokowe kabla maji hayajapwa", mara 95 katika 100 hufika. Huyo tutamwamini, tutapanda boti yake bila kuuliza mara mbili. Lakini safari ya leo ikishakwisha, ama mlifika ama mlikwama matopeni mkisubiri maji yajae. Safari ya leo haina 95. 95 ni ya nahodha, imetokana na safari zake zote.

Njia uliyoitumia, ya kuchukua nyumba kadhaa, kupata asilimia na kuongeza na kupunguza 1.96 ya kosa sanifu, ndiyo nahodha. Masafa yako ya 54.5 hadi 75.5 ni safari moja ambayo imekwisha. Kiwango cha kweli cha mtaa wako ni namba moja iliyotulia, haiyumbi, hatuijui tu. Ama imo ndani ya masafa yako ama haimo. Sentensi yako imeichukua sifa ya nahodha ikaivisha safari.

Najua ukisoma hivyo utatikisa kichwa ukasema huo ni ubishi wa maneno. Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipoanza kufundisha kwa kunde.

Nilihesabu kunde 1,000, nyekundu 300 na nyeupe 700, kazi ya usiku mmoja na macho kuuma. Nikazimimina kwenye kapu. Wanafunzi walikuwa 20. Kila mmoja alifumba macho, akatia mkono, akachota kunde 40, akahesabu nyekundu zake, akazirudisha, kapu likachanganywa, akaja mwingine. Hakuna aliyejua kwamba jibu ni asilimia 30, isipokuwa mimi. Kila mmoja akapiga masafa yake kama ulivyofanya wewe, akaja ubaoni akayachora kama mstari wa kulala, mfupi au mrefu, mahali pake. Mwisho nikachora mstari mmoja wa kusimama pale penye 30, kutoka juu hadi chini.

Mistari 19 ilikatwa. Mmoja haukufika. Ulikuwa wa binti mmoja aliyekaa mbele, mtulivu, mwenye daftari safi kuliko wote. Alipata nyekundu 6 katika 40, asilimia 15, na masafa yake yakawa 4 hadi 26. Aliona aibu, akarudia hesabu mara tatu. Hakuna alichokosea. Mkono wake uliangukia kunde nyeupe nyingi, basi. Wenzake hawakuwa hodari kuliko yeye.

Sasa mwulize binti yule, mstari wa 30 ukiwa umekwisha kuchorwa: "Kuna uwezekano gani kwamba kweli imo kati ya 4 na 26?" Atakujibu hakuna. Na aliyekaa nyuma yake, aliyepata 18 hadi 47, atajibu imo. Hakuna hata mmoja darasani mwenye 95 mkononi. 95 ilikuwa ya kapu na mchoto, kabla mkono haujaingia. Tofauti kati yao na wewe ni moja tu: Langoni hakuna aliyekaa usiku akahesabu kunde. Mstari wa kusimama upo, ila hauonekani. Huwezi kujua kama wewe ni binti wa mbele au mmoja wa wale 19.

Utasema: "Basi mwalimu, kwa kuwa sijui, si halali niseme 95 kwa kadiri ya kutojua kwangu?" Hili ni swali zuri na watu wazima wamegombana juu yake kwa miongo. Jibu fupi ni kwamba ukitaka kusema uwezekano wa kweli yenyewe, lazima kwanza useme ulikuwa unaamini nini kabla ya kugonga mlango wa kwanza. Fikiria mwaka jana mtu alipita nyumba zote za mtaa bila kuacha hata moja akakuta asilimia 85 wanachemsha. Wewe leo umepata 54.5 hadi 75.5. Je, ungeweka dau la 95 kwa 5 kwamba kweli imo humo? Nadhani ungesita. Ungejiuliza kama watu wote hao wameacha kuchemsha kwa mwaka mmoja, au ni wewe uliyeangukia nyumba zisizochemsha. Masafa yako hayaijui habari ya mwaka jana, kwa hiyo hayawezi kuipima. Iko njia nyingine inayoichanganya habari ya zamani na data mpya, inayotokana na maandishi ya Thomas Bayes yaliyochapishwa mwaka 1763 yeye akiwa amekwisha kufa, na huko sentensi kama yako inaruhusiwa. Lakini gharama yake ni kuitaja wazi imani uliyoanza nayo. Hukulipa gharama hiyo, kwa hiyo sentensi hiyo si yako.

Aliyeipanga njia uliyoitumia, Jerzy Neyman, Mpoland aliyekuwa London alipochapisha makala yake ya mwaka 1937, alikuwa mkali kuhusu jambo hili. Alisisitiza kwamba uwezekano ni wa utaratibu unaorudiwa, na masafa yakishapatikana hakuna tena uwezekano wa kuyazungumzia.

Andika basi hivi: "Kwa njia ambayo ikirudiwa hukamata kiwango cha kweli mara 95 katika 100, tunakadiria kwamba nyumba zinazochemsha au kutia maji dawa ni kati ya asilimia 54.5 na 75.5." Ni ndefu, najua. Ukishaiandika mara moja mwanzoni mwa ripoti, kwingine kote andika tu "asilimia 65 (masafa ya 95%: 54.5 hadi 75.5)", na hakuna atakayekushika.

Hiyo 95 nayo ni ya kuchagua. Ukitaka nahodha mwaminifu wa 99, badili 1.96 uweke 2.576, na masafa yako yatapanuka kuwa 51.3 hadi 78.7. Ukitaka wa 100, sema "kati ya 0 na 100". Hutakosea maisha, na hakuna atakayekuuliza tena kitu. Njia ya kuyabana bila kupunguza uaminifu ni kuongeza nyumba, na hapo kipeuo cha pili ni bahili: kukata upana nusu, unahitaji nyumba mara nne. Kutoka pointi kumi na nusu kushuka hadi tano na kidogo, ungegonga milango 320.

Tukija kwenye ile "t!".

Kwenye swali la maji kila nyumba ilikupa jibu la ndiyo au la. Ukishajua kwamba ndiyo ni 65 katika 100, umejua pia majibu yametawanyika kiasi gani: 0.65 mara 0.35, imekwisha. Hakuna kitu cha pili cha kukisia. Kwenye kilo za samaki mambo si hivyo. Wastani wako ni 456 gawa kwa 12, kilo 38. Lakini 38 haikuambii kitu kuhusu mtawanyiko. Mashua zote zingeweza kuleta kati ya 37 na 39, na zingeweza kuleta kuanzia 14 hadi 108 kama zilivyoleta, na wastani ukawa uleule. Kwa hiyo mtawanyiko nao umelazimika kuukisia, kutoka kwa mashua zilezile 12. Kipimo cha mtawanyiko huo, mchepuko sanifu, kwa mashua zako ni 25.06. Ila hiyo 25.06 nayo ni kadirio, na sampuli ikiwa ndogo kadirio hilo mara nyingi huangukia chini ya kweli.

Ukitumia 1.96 hapo, unajifanya unaujua mtawanyiko wa kweli ilhali umeukisia. Matokeo yake ni kwamba nahodha wako hafiki tena mara 95. Kwa vitu 12 hufika kama mara 92, wakati umewaandikia watu 95. Ahadi ni deni, na t ndiyo inayolipa lile deni: badala ya 1.96, kwa vitu 12 unasoma jedwali la t kwenye mstari wa 11, moja pungufu, unakuta 2.201. Masafa yanapanuka kidogo na ahadi ya 95 inarudi mahali pake, mradi data zisiwe zimepinda sana, jambo nitakalolirudia. Ukiwa na vitu 30 t ni 2.045, ukiwa na 100 ni 1.984, imeshakaribia kuwa 1.96 yenyewe. Ndiyo maana watu wenye sampuli kubwa husahau kama t ipo.

Aliyeligundua hili alikuwa William Sealy Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha Guinness mjini Dublin. Ndiyo, kiwanda cha pombe, wazee wa baraza mtanisamehe. Kazi yake ilimletea sampuli ndogo, vipimo vichache vichache, naye akaona kanuni za wakubwa wake zinamdanganya kila zinapotumiwa kwa namba chache. Makala yake ilitoka mwaka 1908 kwa jina la bandia, Student, yaani Mwanafunzi, kwa kuwa mwajiri wake hakutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao. Kwa hiyo t iliyokutia wekundu leo iliandikwa na mtu aliyejiita kama wewe.

Piga basi: 25.06 gawa kwa kipeuo cha pili cha 12, ambacho ni 3.464, unapata kosa sanifu la 7.23. Mara 2.201 ni 15.9. Masafa ni kilo 22.1 hadi 53.9. Kwa 1.96 ungepata 23.8 hadi 52.2. Tofauti si kubwa kwa macho, lakini msimamizi hakuweka mshangao kwa sababu ya macho.

Kabla hujaandika sentensi yako juu ya masafa haya, jihadhari na shimo jingine, maana wengi wakiruka la kwanza hutumbukia la pili. Usiandike "asilimia 95 ya mashua huleta kati ya kilo 22.1 na 53.9." Zihesabu zako mwenyewe: 14 na 18 ziko nje, 22 iko nje kwa gramu mia, 55 iko nje na 108 iko mbali kabisa. Zilizomo ni saba tu katika 12. Masafa haya yanazungumzia mahali ulipo wastani, hayazungumzii mashua moja moja. Ukiongeza mashua mpaka 1,000 yatabanana kuuzunguka wastani kama kamba inayokazwa, na mashua nyingi zaidi zitabaki nje, bila kosa lolote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo msimamizi wako hakuligusa, na kwangu mimi lina uzito kuliko yote mawili aliyoyapiga mstari.

Mwaka wa kwanza wa zoezi langu la kapu sikutumia kunde za rangi mbili. Nilitumia kunde na choroko, kwa sababu ndizo zilizokuwepo jikoni. Choroko ni ndogo. Kila kapu lilipotikiswa zilizama chini, na mikono ikawa inachota kunde tu juu. Masafa ya asilimia ya choroko yalichorwa ubaoni vizuri sana, kanuni ikafuatwa hatua kwa hatua, na karibu yote yakaanguka upande mmoja wa jibu, chini. Hakuna hesabu iliyokosewa. Kapu ndilo lililokosea. Kanuni inajua bahati ya mchoto tu. Haijui kwamba choroko zimezama.

Kwa hiyo nakuuliza: nyumba zako 80 ulizipataje? Kama ulitembea Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, ukaingia kila mlango uliokuwa wazi, basi umechota juu ya kapu. Nyumba za vichochoro vya nyuma, za watu waliotoka kazini alfajiri, za bibi asiyefungua mlango kwa asiyemjua, hizo ndizo choroko zako. Halafu kuna adabu za watu wetu. Umekuja na daftari, umeamkia, umeulizwa habari za mama yako, ukauliza kama wanachemsha maji. Nani atamwambia mtoto wa jirani "la, twayanywa hivihivi"? Ningekuwa mimi, ningeomba maji ya kunywa, nikaangalia yanatoka kwenye mtungi gani, kisha ndipo niulize. Upungufu wa aina hii hauonekani kwenye ile 10.5 yako, na hata ungegonga milango 1,000 usingepungua. Uandike kwa maneno, aya moja, chini ya jedwali.

Na mashua zako 12 zilikuwa za asubuhi moja. Bahari ilikuwa moja, upepo mmoja, mwezi mmoja. Samaki wakiwa wamekaribia siku ile, wamekaribia kwa wote. Kukiwa na kusi kali, wote wamekaa karibu na Manda ndani ya ghuba. Kwa swali la "mashua za asubuhi ile zilileta wastani gani" una vitu 12. Kwa swali la "mashua za Lamu huleta wastani gani msimu huu" una kitu kimoja, nacho ni asubuhi, na kwa kitu kimoja hakuna t itakayokuokoa. Muda ukiruhusu, chagua kwa kura asubuhi kumi zilizotawanyika ndani ya msimu, kila asubuhi pata wastani wa mashua zake, kisha fanya hesabu kwa hizo wastani kumi. T yake ni 2.262. Muda usiporuhusu, andika tarehe ya asubuhi hiyo kwenye kichwa cha jedwali na usivuke hapo.

Mawili ya haraka, kwa sababu kila nikijibu swali la asilimia huulizwa. Moja, ukubwa wa kundi zima. Watu hudhani sampuli lazima iwe asilimia fulani ya watu wote. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 kaunti ya Lamu na 1,453,787 kaunti ya Kilifi yenye Malindi, karibu mara kumi. Sampuli ya watu 400 iliyochaguliwa kwa kura inatoa karibu pointi 5 kila upande huku na huku. Chumvi ya mchuzi huonjwa kwa kijiko kilekile, uwe mchuzi wa nyumba au wa arusi, ukiwa umekorogwa. Ukubwa wa kundi huanza kuhesabika pale tu unapokuwa umekwisha kulila sehemu kubwa. Mathalan mtaa wako ungekuwa na nyumba 400 tu nawe umeingia 80, ile 10.5 ingeshuka kuwa 9.4 hivi.

La pili, jibu likiwa sifuri. Tuseme umekagua punda 20 pale Mkunguni ukakuta hakuna hata mmoja mwenye kidonda mgongoni. Kanuni yako itatoa sifuri kuongeza na kupunguza sifuri, kana kwamba Lamu nzima haina punda mwenye kidonda, na wewe na mimi twajua. Hapo kanuni imevunjika. Gawanya 3 kwa idadi uliyokagua: 3 kwa 20 ni 0.15, kwa hiyo sema wenye vidonda wanaweza kufika asilimia 15. Kwa asilimia ndogo ambazo si sifuri iko dawa rahisi waliyoipendekeza Agresti na Coull mwaka 1998: jifanye umepata ndiyo mbili na la mbili zaidi, kisha piga kama kawaida. Kwako ingekuwa 54 katika 84, masafa 54.0 hadi 74.5, karibu yaleyale, kwa hiyo usijisumbue. Kwa nyumba 15 ningekusumbua.

Imebaki 108.

Mwenzako ana hoja kiasi. Ukiitoa, wastani wa mashua 11 unakuwa 31.6, mtawanyiko unashuka kutoka 25.06 hadi 12.5, na kwa t ya 2.228 masafa yanakuwa 23.2 hadi 40.0. Mashua moja peke yake ilikuwa imeuzidisha mtawanyiko mara mbili. Jedwali linapendeza. Lakini namba haitolewi kwa kuwa imeharibu sura ya jedwali. Hutolewa ikiwa ni ya uongo: mizani ilisomwa vibaya, au samaki wa mashua mbili walipimwa pamoja, au ulitaka kuandika 10.8. Hilo halijulikani kwenye daftari, linajulikana ufukoni. Rudi kwa nahodha wa mashua ile umwulize siku ile alitega wapi, kwa wavu gani, na walikuwa wangapi chomboni.

Akikuambia ni kweli, walikutana na kundi la kolekole, basi ibaki. Samaki ndivyo walivyo: siku nyingi za kilo ishirini thelathini, na mara moja moja kishindo. Data za namna hii zimepinda upande mmoja, na kwa vitu 12 hata t haifikii 95 kamili, kwa hiyo useme hivyo. Weka masafa yote mawili, yenye 108 na yasiyo nayo, na uongeze kati halisi, ile namba inayogawa mashua nusu kwa nusu, ambayo kwako ni 31.5 na haikutishwa na ile 108. Anayetaka kujua mvuvi wa kawaida anarudi na nini ataisoma hiyo 31.5. Anayetaka kujua soko lilipata samaki kiasi gani atauhitaji wastani wenye 108 ndani, kwa sababu katika kilo 456 zilizoshuka asubuhi ile, karibu robo zilitoka kwenye mashua hiyo moja.